Filamu Ndani ya Mkeka

Katika utumishi wangu nimeandikiwa barua ya kujieleza mara tatu. Ya kwanza ilihusu kuchelewa kazini, na kweli nilikuwa nimechelewa. Ya tatu ilihusu mdomo wangu, na huo siwezi kuutetea. Ya pili ndiyo ninayotaka kuisimulia, kwa sababu kila nikiikumbuka damu hunichemka upya, na si kwa kuwakasirikia wengine tu.

Mimi ni mteknolojia wa mionzi. Watu huniita daktari wa picha, nami nimeshachoka kuwasahihisha. Nimezaliwa huku juu, vijiji vya Mbinga, kwenye mteremko wenye kahawa upande mmoja na ngoro, mashimo yetu ya kulimia mahindi, upande mwingine. Usipokaza kisigino huko unajikuta bondeni, wewe na jembe lako. Mama alitufundisha kukita mguu kwanza, halafu ndipo tuinue jembe. Wanaosema mimi ni mkaidi wangeanza kwa kumlaumu yeye.

Hospitali siitaji jina. Inatosha kusema kwamba mashine ya CT ilipofika ilipokewa kama bi harusi. Matarumbeta tu ndiyo yalikosekana. Watu wakaanza kuja. Walishuka kutoka vijiji vya kahawa, walipanda kutoka ufukweni mwa ziwa, kila mmoja akiitaka "ile mashine kubwa". Dereva mmoja wa malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka alikuja na mafua, mafua haya haya ya kupenga, akaomba apigwe mwili mzima kuanzia utosini. Nilipomwambia aende akanywe chai ya tangawizi alininunia mwezi mzima. Aliamini kwamba kupigwa picha ni kutibiwa, na kwamba mimi namnyima tiba.

Hapo ndipo ugomvi wangu na dunia ulipoanzia. Mashine ile haipigi picha moja kama eksirei. Inamzunguka mtu na kumpiga kipande kwa kipande, na mionzi inayoingia mwilini inaizidi ile ya eksirei ya kifua mara nyingi sana. Haiumi, hainuki, haiwashi. Ndiyo ubaya wake. Kwa mtu anayevuja damu kichwani mionzi hiyo ni jambo dogo mbele ya uhai wake, nami ni wa kwanza kumlaza mezani. Kwa asiyeihitaji haina faida yoyote. Huenda isimfanye kitu, huenda miaka mingi mbele ikachangia saratani yake, na mwenye miaka mingi mbele ni mtoto. Isitoshe, mashine haina macho. Haijui kama aliyelala ni mbeba magunia ya kahawa au mwanafunzi wa darasa la pili. Usipoiambia, inatoa kipimo cha mbeba magunia. Ni kama kubanika usipa, dagaa wetu wa ziwani, kwenye tanuri la matofali.

Basi nikabandika karatasi juu ya kompyuta ya kuongozea mashine, kwa herufi kubwa: NANI AMELALA HAPO? Kesho yake nikakuta mwenzangu mmoja ameandika chini yake, "Mume wako." Nikacheka, nikaiacha. Nikaongeza na jingine. Kila mgonjwa aliyetoka niliandika juu ya bahasha ya picha zake, kwa kalamu nyeusi ya wino mnene, tarehe, sehemu iliyopigwa na kipimo cha mionzi aliyopokea, halafu nikamwambia aitunze, aioneshe popote aendako. Hakuna aliyenituma kufanya hivyo. Wenzangu waliniita mwandishi wa bahasha, na mimi, nisidanganye, nilijiona mtu wa maana sana.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu asubuhi, wakati wa mvua. Basi la kutoka ufukweni lilikuwa limefika limepakwa matope mpaka madirishani. Aliingia bibi mmoja wa Chiwanda, mwembamba, amevaa kitenge cha akina mama wa kanisa lake. Kwapani alibana mkeka wa ukindu uliokunjwa, maana anayemsindikiza mgonjwa hajui atalala wapi. Mkono wa pili alimshika mjukuu wake, msichana wa miaka minane.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Habari za huku baridini?"

"Nzuri. Poleni na safari."

Alinipa fomu. Iliandikwa: CT ya kichwa, bila dawa na kwa dawa. Maana yake apigwe mara mbili, kwanza hivi hivi, halafu achomwe dawa mshipani na kurudiwa. Sababu iliyoandikwa ni moja: kuumwa kichwa baada ya kuanguka na bodaboda. Lini alianguka, haikuandikwa.

"Alishapigwa picha ya kichwa mahali popote?" nikauliza, kama ninavyouliza kila mtu.

"Hajawahi, mwanangu. Mashine hiyo hata mlango wake hajauona."

Nikamwingiza mtoto. Kawaida watoto wakiona lile tundu hulia, au hung'ang'ania nguo ya mama, au huuliza maswali mia. Huyu alivua hereni zake mwenyewe, akampa bibi. Akapanda kingazi, akalala chali, akaweka kichwa pale pa kichwa, akashusha kidevu kifuani bila kuambiwa, mikono akaibana ubavuni. Halafu akaniuliza kwa sauti ya mtu mzoefu, "Nifumbe macho sasa, au mpaka ile taa nyekundu iwake?"

Taa nyekundu nilikuwa bado sijaiwasha.

Nilimtazama bibi. Bibi alitazama dari. "Watoto wa siku hizi wanaota sana," akasema.

Nikamshusha mtoto mezani. Bibi akaukumbatia mkeka wake kwa nguvu, na mkeka ukalia. Ukindu una mlio wake, mkavu na wa chini. Huu ulilia kama kipande cha bati kinachopindwa, na mlio huo hata usingizini naujua.

"Bibi, tuukunjue huo mkeka."

"Ni wa kulalia tu, mwanangu."

"Mkeka wa kulalia haulii hivyo."

Aliketi kwenye benchi, akaukunjua mwenyewe polepole, kama mtu anayefungua kaburi. Ndani yake zilikuwamo filamu mbili kubwa za CT, zimekunjwa pamoja na mkeka. Majina yalikuwa mawili tofauti, moja la ubatizo na jingine la ukoo, na la fomu ya leo lilikuwa la tatu, la bibi mzaa baba. Mtoto mmoja, majina matatu, na yote ni yake kweli.

Sikuhitaji kuuliza kwa nini, maana mama yangu mzazi alinifanyia vivyo hivyo na filamu za goti lake. Tulizikuta chini ya godoro. Wazee wetu wa huku juu na wa kule ziwani wana utaratibu mmoja. Ukienda kwa mtaalamu wa pili humwambii aliyosema wa kwanza. Unanyamaza, unamwacha aone mwenyewe. Akisema lile lile, umepata ukweli. Akisema jingine, unakwenda kwa wa tatu akaamue. Utaratibu huo una akili sana, na nisingethubutu kuucheka. Tatizo ni kwamba mtaalamu wa kienyeji akimtazama mtoto mara tatu, mtoto hapungukiwi kitu.

Nilizitundika filamu kwenye kioo chenye taa. Ya kwanza ilitoka hospitali ya mbali. Ya pili nikaanza kuisoma kwenye kona, kule chini mashine inakochapa jinsi ilivyopangwa na kipimo ilichotoa. Ulikuwa mpangilio wa mtu mzima. Nilikuwa nimevimba kwa kujiona mwenye haki, na mdomo wangu, ule ule wa barua ya tatu, ukatangulia.

"Ni mpumbavu gani huyu," nilisema kwa sauti, "anayempiga mtoto mdogo kipimo cha mbeba magunia?"

Ndipo macho yakapanda juu. Jina la hospitali lilikuwa letu. Tarehe ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Na mwishoni, mahali pa herufi tatu za aliyeendesha mashine, zilikuwapo zangu.

Niliikumbuka siku ile, mtoto sikumkumbuka. Umeme ulikuwa umekatika asubuhi nzima, ukarudi mchana, na foleni ilikuwa imefika getini. Niliwapiga mmoja baada ya mwingine bila kunywa hata maji. Karatasi yangu ya NANI AMELALA HAPO ilikuwa mbele ya pua yangu muda wote. Na bahasha?

"Bibi, hii ya pili ilikuwa na bahasha. Iko wapi?"

"Ile iliyoandikwa andikwa? Nilitoa picha ndani yake nikaona ni ngumu, nzuri. Nilifungia usipa wa mkwe wangu."

Kwa hiyo nilikuwa nimeiandika. Nilichukua kipimo cha mtu mzima kwenye kioo cha kompyuta, nikakinakili kwa mwandiko wangu mzuri juu ya bahasha ya mtoto, na sikukisoma. Nikakaa.

Muda huo huo mlango ukafunguliwa, akaingia mganga mfawidhi, yaani daktari mkuu wa hospitali. Ni mtu mzima, mpole kwa kawaida, ila asubuhi ile foleni ilikuwa imemfikia masikioni.

"Dada, wagonjwa wanasema mtoto yumo humu tangu saa ngapi sijui. Tatizo ni nini?"

"Nimemshusha, mkuu. Hapigwi. Ameshapigwa mara mbili ndani ya mwezi mmoja."

Nilimsogeza kwenye kioo chenye filamu. Naandika hili kwa aibu: ile ya pili nilimwonesha huku kidole gumba changu kikiwa kimefunika kona. Yeye alitazama ubongo, hakutazama maandishi.

"Daktari ameandika ombi," akasema. "Kazi yako ni kupiga."

"Daktari aliyeandika hakumgusa huyu mtoto. Muulize bibi."

Bibi akajibu hata kabla hajaulizwa. "Hakumgusa, baba. Alikuwa na watu wengi. Nilimwambia nataka picha, akaandika picha."

Mfawidhi akanigeukia. "Sikiliza. Kichwa kinauma wiki kadhaa baada ya ajali. Kama kuna damu inayochuruzika taratibu, na huyu mtoto akatufia, utawaambia nini ndugu zake? Kwamba ulikuwa unahesabu mionzi?"

Swali lile lilinichoma, kwa sababu lilikuwa swali halali. Najua alikolitoa. Miaka ya nyuma aliwahi kumruhusu mwanamume aliyeanguka darini aende nyumbani, na kesho yake mtu huyo aliletwa amefunikwa shuka. Tangu hapo alikuwa akiagiza picha kwa kila aliyejigonga mlangoni. Hofu yake niliielewa, lakini sikukubali mtoto wa miaka minane ailipie kwa kichwa chake.

"Mpime kwa mikono yako, mkuu," nikasema. "Ukiona dalili moja mpya, moja tu, nitampiga hapo hapo, kwa kipimo cha mtoto, mara moja, bila kurudia kwa dawa. Usipoiona, sibonyezi. Na ukiona nakukosea, mashine ile pale, bonyeza mwenyewe."

Alijua kwamba najua hawezi kuiendesha. Mlangoni wagonjwa walikuwa wamejaa, wanasikiliza. Nilijua namwaibisha. Nilijua pia kwamba nikirudi nyuma hatua moja nitampandisha yule mtoto mezani mara ya tatu, na herufi zangu zitakuwapo tena kwenye kona.

Mfawidhi, na kwa hili namheshimu mpaka leo, akachuchumaa mbele ya mtoto.

Alimwangalia macho kwa kile kikurunzi chao cha kutazamia ndani ya jicho. Akamwambia aguse pua kwa kidole, atembee juu ya mstari wa vigae, asimame kwa mguu mmoja, akaze mikono. Mtoto alifanya yote huku akicheka. Mimi nilizipiga filamu picha kwa simu nikamtumia kwa wasapu daktari bingwa wa radiolojia, aliye mkoa mwingine, nikamweleza kisa. Alijibu kabla mfawidhi hajamaliza. Picha zote mbili ni safi na zinafanana, mpimeni vizuri, mwangalieni wodini, msirudie bila badiliko.

"Kichwa kinauma saa ngapi?" mfawidhi akamwuliza mtoto. Mpaka hapo hakuna aliyekuwa amemwuliza, mimi nikiwamo.

"Asubuhi, nikitoka ziwani na ndoo."

Ndoo ya maji, kichwani, kila alfajiri, tangu siku ya pili baada ya kuanguka. Bibi akajishika mdomo, akasema jambo kwa Kinyasa ambalo sikulielewa na sikuomba nitafsiriwe.

Mtoto alilazwa wodini siku mbili aangaliwe. Hakutapika, hakulegea, alikula ugali wa wodi na kuomba wa jirani. Akaruhusiwa kwa sharti la kupumzika na kukaa mbali na ndoo mpaka kichwa kitulie. Kilitulia. Nasema haya mapema ili msomaji asikae roho juu kama nilivyokaa mimi, maana siku zile mbili sikulala vizuri. Kila simu ilipoita niliona shuka la yule mtu wa darini.

Barua nilikuwa nimeshaipokea siku ya kwanza jioni. Ilisema nimekaidi agizo halali mbele ya wagonjwa, nijieleze ndani ya siku mbili kwa nini nisichukuliwe hatua za kinidhamu. Niliandika jibu kali. Nilieleza mionzi ni nini, nikaeleza kwamba ombi la picha si amri ya jeshini, kwamba anayebonyeza naye ana akili na dhamiri, kwamba mtoto amelindwa na hospitali imelindwa. Ukurasa mmoja na nusu, na kila sentensi ilikuwa ya kweli. Niliisoma mara tatu nikiipenda. Kuhusu ile filamu ya pili sikuandika neno.

Asubuhi ya kuruhusiwa kwao nilipita wodini. Nilikuwa nimeazimia kumwambia bibi, maana kumdanganya mfawidhi kwa kidole gumba ni jambo moja, na kumuaga yule bibi kama mkombozi wake ni jingine. Alikuwa anaukunja mkeka.

"Bibi, kuna kitu sijakuambia. Aliyempiga mtoto mara ya pili, kwa kipimo kikubwa, ni mimi."

Hakushtuka hata kidogo. Aliendelea kukunja.

"Nilikujua tangu mlangoni, mwanangu. Nilirudi kwako makusudi. Nilitaka nione kama utasema lile lile ulilosema mara ya kwanza."

"Mara ya kwanza nilisema nini?"

"Hukusema kitu. Mtoto hukumtazama. Uliandika bahasha, ukaniambia nitunze, ukaita mwingine."

Alisema bila ukali, kama mtu anayetoa taarifa ya mvua. Kisha akaniombea heri, akamshika mjukuu wake mkono, wakaenda kupanda basi. Mtoto aligeuka akanipungia. Nilimtazama sana, kovu dogo juu ya nyusi, pengo la jino la mbele, nikijitahidi kumkariri.

Nilirudi chumbani kwangu nikalichana jibu langu zuri. Nikaandika jingine, fupi. Sikufuta ukaidi hata nukta moja. Niliandika kwamba nilikataa, kwamba ningekataa tena kesho, na kwamba ombi lolote la CT ya mtoto lisilosema amepimwa na nani na lini alipigwa mara ya mwisho, nitalirudisha. Halafu nikaongeza aya ya pili: kwamba mara ya pili mtoto huyu alipigwa na mimi, kwa mpangilio wa mtu mzima, bila kumtazama, na kwamba hilo nalo lichukuliwe hatua.

Mfawidhi aliisoma akiwa amesimama. Alipofika aya ya pili alikaa. Akainuka, akafunga mlango.

"Dada," akasema taratibu, "ya aya ya kwanza tunaweza kuyamaliza hapa hapa. Hata mimi nimeona kwamba ulikuwa sahihi. Lakini hii aya ya pili hakuna aliyekuuliza. Ikiingia kwenye faili lako haitatoka. Iondoe, yaishe."

"Siiondoi, mkuu."

"Nani atafaidika nayo?"

"Atakayelala pale kesho."

Alinisogezea karatasi na kalamu, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya mwisho. Mimi nilichukua kalamu, nikaweka sahihi chini ya aya ile ile, nikamrudishia.

"Utakuja kujuta."

"Nimeshajuta," nikamwambia. "Ndiyo maana nimeandika."